Mbwa Bwawani: Hukumu ya Maji Mengi Tangu Hodhi ya Umar

Kijana wa Kiislamu wa Kurasini anayetunza bustani katika nyumba yenye bwawa la kuogelea humwona mbwa wa tajiri wake akirukia majini kila jioni. Kisha huagizwa achote maji yale yale asafishie baraza. Je, nguo zake zafaa kwa Magharibi? Maimamu wengi hujibu kwa mkato kuwa bwawa zima limenajisika. Jibu hilo, ndugu msomaji, halikubaliani na madhehebu tunayoyafuata pwani hii.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa safarini na Amr bin al-As, wakafika kwenye hodhi. Amr akamuuliza mwenye hodhi kama wanyama wakali huja kunywa hapo. Umar akamkataza yule mtu asijibu, kwa kuwa watu na wanyama hupokezana maji hayo. Mtoto wake, Abdullah bin Umar, ndiye mpokezi wa hadithi ya kullatayni: Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya maji ya jangwani yanayojiwa na wanyama, akabainisha kuwa maji yakifika kullatayni hayabebi uchafu.

Juu ya hadithi hii Imam Shafii (aliyefariki mwaka 204 H/820) alijenga mlango wake wa maji. Wamaliki wao wanamhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara, na kuosha chombo mara saba kwao ni ibada tu. Kwa Shafii mbwa ni najisi nzito, lakini maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu.

Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa na Kilwa ni Mashafii. Ya Mombasa aliyaeleza kwa makini: kila msikiti una kisima mlangoni, kimoja au viwili, na anayeingia huosha miguu kwanza. Misikiti ya kale ya pwani ina mabirika ya udhu, na birika kubwa huvuka kullatayni kwa urahisi. Wazee wetu basi waliijua hesabu hii kwa kuishi nayo, kabla bwawa la vigae halijafika Kinondoni wala Temeke.

Kullatayni ni pipa la mraba lenye dhiraa moja na robo kila upande, kiasi cha lita 216 kwa hesabu inayotumika sana. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina mita moja na nusu, lina lita 48,000. Mbwa mmoja hayabadilishi. (Harufu ya dawa ya klorini si harufu ya najisi.)

Taabu iko nje ya bwawa. Mbwa akitoka na kujikung'uta, matone yale ni maji machache yaliyogusa mwili wake: kanzu iliyorushiwa huoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa udongo, na vigae vilivyolowa vivyo hivyo. Ndoo iliyochotwa bwawani ikawa na unyoya wa mbwa ndani yake imenajisika, kwa kuwa sasa ni maji machache. Kijana wetu na aichunguze ndoo kwanza.

Ama kumfuga mbwa wa ulinzi, Imam Nawawi (aliyefariki 676 H/1277) ameona kuwa kauli sahihi zaidi ni kujuzu, kwa kukisia na mbwa wa mifugo na shamba. Lakini anayefuga ana wajibu. Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki 660 H/1262) ameandika juu ya haki za mnyama kwa mwenyewe, na sote twaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akampatia maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa.

Bwawa ni kisima kibaya zaidi kwa mbwa, kwani kuta zake zimesimama wima na kucha hazishiki vigae. Mbwa aliyechoka huparura ukuta ulio karibu naye, haendi kutafuta ngazi, akazama huku ngazi ipo upande wa pili. Mwenye nyumba amfundishe mahali pa kutokea, aweke ubao wa mteremko, azungushie uzio, wala asimwache peke yake majini. Akitoka asuuzwe kwa maji safi, na awekewe ya kunywa ili asinywe yenye dawa. Na mfanyakazi akimkuta anazama, amtoe mara moja. Nguo ataziosha baadaye, mara saba.