Simu, Ushahidi na Siri ya Mtu: Mahakama Zimeamua Nini?



Leo ujumbe wa simu, picha, sauti iliyorekodiwa na risiti ya pesa zilizotumwa vinafika mbele ya hakimu kama ushahidi. Kila mara maswali mawili yanatokea. Je, kitu hiki ni cha kweli? Na je, kilipatikana kwa njia ya haki? Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya mwaka 2006 kinalinda maisha ya binafsi na siri ya mawasiliano ya kila mtu, na haki hiyo haiguswi ila pale sheria inaporuhusu. Kesi kadhaa zinazotugusa sisi Wakongomani zinaonyesha jinsi mahakimu wanavyopima mambo hayo mawili.

Upekuzi wa Bunia

Thomas Lubanga, aliyeongoza kundi la UPC kule Ituri, alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (CPI) huko La Haye. Sehemu ya ushahidi ilitoka katika nyumba moja ya Bunia, ambamo mamia ya hati yalichukuliwa kwa mara moja. Mahakama ya Rufaa ya Kisangani iliona kwamba upekuzi ule ulivunja sheria yetu, kwa kuwa mwenye nyumba hakuwapo. Mnamo Januari 2007 mahakimu wa CPI nao walisema kwamba kubeba vitu vyote bila kuchagua kulipita kipimo na kugusa haki ya maisha ya binafsi. Hata hivyo hawakuzikataa hati zile.

Sababu yake iko katika kifungu cha 69 cha Mkataba wa Roma. Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za binadamu unakataliwa ikiwa kosa hilo linatia shaka kubwa juu ya ukweli wake, au ikiwa kuupokea kungeharibu vibaya heshima ya kesi yenyewe. Kosa peke yake halitoshi.

Siri iliyosimamisha kesi

Katika kesi hiyohiyo, mwendesha mashtaka alikuwa na hati zaidi ya 200 alizopewa kwa ahadi ya kutunza siri, nyingi zikitoka Umoja wa Mataifa. Baadhi zingeweza kumsaidia mshtakiwa. Lakini kifungu cha 67 kinaamuru mshtakiwa aonyeshwe kila kinachoweza kumtetea. Tarehe 13 Juni 2008 mahakimu waliisimamisha kesi. Ilianza kusikilizwa Januari 2009, baada ya kupatikana njia ya kuzifungua hati zile. Siri inaweza kumlinda mtoa habari, lakini haiwezi kutumiwa kumfunga mtu ambaye hakuonyeshwa kinachomtetea.

Pesa na simu katika kesi ya Bemba

Tarehe 19 Oktoba 2016, Jean-Pierre Bemba na wenzake wanne walionekana na hatia, kila mmoja kwa sehemu yake, katika kesi iliyohusu kuwashawishi kwa udanganyifu mashahidi 14 wa utetezi. (Katika kesi kubwa, ya matendo ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, Bemba aliachiliwa kwa rufaa mnamo Juni 2018.) Ushahidi ulikuwa pamoja na simu zilizosikilizwa na rekodi za pesa zilizotumwa kwa Western Union. Kwa kuwa mazungumzo ya wakili na mteja wake ni siri, mwanasheria wa kujitegemea aliwekwa ili azisikilize simu kwanza na kutenga yasiyohusu kesi.

Rekodi za pesa zilipatikana kupitia Austria. Baadaye mahakama ya Vienna iliona kwamba amri za kuzitoa hazikuwa halali. Mahakimu wa CPI walikubali mnamo Julai 2016 kwamba haki ya siri ilivunjwa, lakini waliuacha ushahidi ule katika kesi, na mahakimu wa rufaa hawakuubadili uamuzi huo mnamo Machi 2018.

Picha kule Kivu ya Kusini

Mnamo Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwahukumu wakubwa wawili wa FDLR kwa mauaji ya mwaka 2012 katika vijiji vya Kalehe. Picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness zilipokelewa. Programu hiyo huandika saa na mahali picha ilipopigwa, na hulinda picha isibadilishwe. Hapo swali la ukweli lilipata jibu.

Sheria yetu, na kazi yetu

Sheria ya Mambo ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 (Code du numérique) inaipa hati ya kielektroniki nguvu kama ya karatasi, mradi mwandishi wake ajulikane na hati isiwe imeguswa. Sheria hiyohiyo inalinda habari za mtu binafsi, hasa zile za afya, kabila na dini.

Kwa makanisa yetu jambo hili liko karibu. Tunaandika majina ya wakimbizi na ya akina mama waliobakwa, na watu wanatuletea picha za mauaji. Orodha kama hiyo ikianguka mikononi mwa wenye silaha, inaweza kuua. Basi tuandike yale tu yanayohitajika, na tuyafungie. Picha ya asili isifutwe katika simu iliyoipiga, kwa maana nakala iliyopitishwa kwa WhatsApp hupoteza alama zake za saa na mahali. Sura ya aliyeumizwa isisambazwe katika makundi. Na mwenye mamlaka akiomba simu au daftari, tumwombe kwa heshima hati inayomruhusu, na tuandike kilichochukuliwa, siku gani, na nani.

Mahakimu wanaweza kupokea ushahidi hata kama siri ya mtu ilivunjwa. Kwa sababu hiyo, ulinzi wa kwanza wa mnyonge uko mikononi mwa yule anayeandika jina lake.