Jino Lirudialo Kuuma

Watu wa Babeli ya kale walisadiki ya kuwa jino huuma kwa sababu ya mdudu alaye ndani yake. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alisema amemtafuta mdudu huyo asimwone. Mbona, basi, jino lililokwisha kusafishwa mzizi na kuzibwa hurudi kuuma?

Huko Zürich, mwaka 1917, Walter Hess aliijaza mpira mianya ya mizizi, kisha akaliyeyusha jino, ukabaki mpira. Kumbe mianya ile yatawanyika vijitawi vyembamba, ambamo sindano ya tabibu haifiki! Mwaka 1965 wataalamu wa Marekani walivitoboa viini vya meno ya panya waliolelewa pasipo vijidudu, vikapona. Vya panya wa kawaida vikaoza. Vijidudu vilivyosalia katika kijitawi kimoja vyaweza kuliamsha jino hata baada ya miaka.