Mji mahiri: kivuli cha Lamu, mnara wa Masdar na bomba linalovuja

Siku hizi ni nadra kuhudhuria mkutano wa mipango ya miji pasitajwe "mji mahiri". Wengine husema "mji janja", na ipo miradi ambayo jina hilo la pili huifaa zaidi. Maana yake ni mji unaotumia vipima na kompyuta kujua kinachotendeka barabarani, kwenye mabomba na kwenye nyaya za umeme, kisha habari hizo zikatumika kupunguza hasara. Sambamba nao hutajwa ujenzi endelevu, yaani kujenga nyumba na mitaa isiyokula umeme na maji kupita kiasi.

Mambo haya mawili huuzwa kana kwamba ni kitu kimoja. Sisi watu wa pwani yatufaa tuyatenganishe, kwa kuwa la pili tulikuwa nalo na tunalipoteza, na la kwanza tunalihitaji mahali ambapo wauzaji hawaelekezi macho.

Tuanze na joto. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta zake ni nene, kiasi cha nusu mita, hivyo jua la mchana huchelewa kupenya ndani. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari pana zaidi ya mita 3 hivi. Mgeni hupita daka, akaingia tekani, ndipo afike kiwanda kilicho wazi juu, ambako hewa moto hupanda na kutoka. Nje, vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba nyumba moja huipa nyingine kivuli sehemu kubwa ya siku. Hakuna aliyeandika neno "endelevu" popote. Watu walijenga kwa vitu vilivyokuwepo, na waliishi na makosa yao mpaka wakayarekebisha.

Sasa tazama Masdar, mji unaojengwa jangwani karibu na uwanja wa ndege wa Abu Dhabi. Ulianza kujengwa mwaka 2008 kwa ramani ya kampuni ya Foster + Partners ya Uingereza. Wasanifu wake walifanya nini? Walirudi kwenye miji ya kale ya Kiarabu. Mitaa ikafanywa myembamba, majengo yakasogezwa karibu karibu ili yapeane kivuli, na katikati ukasimamishwa mnara wa upepo wa mita 45, mjukuu wa barjili zilizoko kwenye nyumba za kale za Dubai. Teknolojia imeongezwa juu ya hayo: vipima vilivyo kileleni hufungua vipenyo vya mnara kuelekea upande unakotoka upepo.

Sehemu hiyo imefaulu. Iliyokwama ni ile iliyopambwa zaidi. Vigari visivyo na dereva vilivyokusudiwa kuzunguka mji mzima viliishia kwenye kipande kifupi tu, na mji uliotarajiwa kumalizika mwaka 2016 ukasogezwa hadi 2030. Kivuli hakikuhitaji kusubiri.

Na huku kwetu? Ghorofa zinapanda zikiwa na vioo upande wa jua la magharibi, ukuta mwembamba wa matofali ya saruji, na mashine ya kupoza hewa kila dirisha. Mashine ile haiondoi joto duniani, hulitoa chumbani ikalimwaga nje, kwa jirani asiye na mashine. Jengo refu likisimama upande wa bahari bila mwanya, nyumba za nyuma hukosa kusi na kaskazi zote mbili. Hasara hiyo hailipwi na mwenye jengo.

Vipima vina kazi kubwa zaidi kwenye maji. Mombasa hunywa maji yanayotoka mbali, mengine Baricho kwenye mto Sabaki, mengine chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini. Kitaifa, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa na kampuni za maji Kenya hayalipiwi, ama yamevuja, ama yameibwa, ama mita haikusoma sawasawa. Mbinu ya kugundua mvujo ni rahisi kueleza. Mtandao wa mabomba hugawanywa maeneo madogo, kila eneo likawekewa mita kwenye mlango wake. Kati ya saa nane usiku na saa kumi alfajiri, watu wengi wamelala. Maji yakiwa bado yanapita kwa wingi, basi kuna bomba linalomwaga.

Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ulikuwa ukipoteza asilimia 72 ya maji yake mwaka 1993, baada ya miaka ya vita. Kufikia 2010 ulipoteza takriban asilimia 6. Walibadilisha mabomba, wakapima mtandao eneo kwa eneo, wakaweka vikosi vya kuziba mivujo usiku na mchana. Lakini lililowauma wengi ni kwamba wakubwa wa serikali na jeshi nao walifungiwa mita wakalipa. Hilo halikufanywa na kompyuta.

Chini ya ardhi pia kuna maji. Gedi ya kale iliishi kwa visima vyake, na Lamu hadi leo hutegemea maji matamu yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kila kiwanja kinachofunikwa saruji ni mvua isiyozama, na kila kilima kinachojengwa juu ni ghala lililotobolewa.

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kaunti ndiyo hutoa kibali cha ujenzi, na mipango yake lazima ifunguliwe kwa maoni ya wananchi. Mradi wa "mji mahiri" ukiletwa kwenye baraza, picha za kompyuta huwa nzuri. Waulizwe kivuli kitaanguka wapi saa tisa mchana, upepo utapitia wapi, mvua itazama wapi, na ni nani ataisoma ile mita usiku wa manane.