Gari la zamani linapochemsha: tafuta chanzo kabla injini haijafa

Msimu wa mavuno, magari mengi yanayopita Ihanda kwenda Vwawa na Tunduma huwa yamejaza watu na magunia, na mengi ni ya zamani. Si ajabu kuliona moja pembeni ya barabara kuu ya TANZAM, boneti juu, mvuke unatoka, dereva kashika dumu la maji. Msikilizaji, kuongeza maji na kuondoka si tiba. Gari likichemsha mara kwa mara, silinda hedi hupinda, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe.

Kwanza usalama

Mshale wa joto ukipanda, egesha na zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji ya ndani yana presha na yanaweza kupita nyuzi joto 100. Ukifungua yatakurukia usoni. Subiri angalau nusu saa, mpaka injini ipoe. Usimwagie injini ya moto maji baridi, chuma kinaweza kupasuka.

Linachemsha wakati gani?

Likisimama kwenye foleni ya malori Tunduma, lakini likikimbia linapoa: angalia feni. Huenda haizunguki, au fyuzi yake imekatika.

Likipanda mlima au likibeba mzigo: rejeta imeziba kwa kutu ndani au matope nje, mkanda umelegea, au wota pampu imechoka.

Likichemsha mapema baada ya kuwasha, bomba moja la rejeta likiwa la moto sana na jingine baridi: maji hayazunguki. Mara nyingi thamostati imekwama.

Maji yakipungua kila siku: kagua mabomba, na tazama chini ya gari asubuhi. Pakiwa pakavu, angalia dalili tatu: moshi mweupe mzito hata injini ikishapata moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, na mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta. Hizo ni dalili za hedi gasketi kuungua. Usiendelee na safari. Livutwe hadi kwa fundi.

Usidharau kifuniko

Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95, na injini nyingi hufanya kazi karibu na joto hilo hilo. Kifuniko kizima hushikilia presha ili maji yasichemke mapema. Mpira wake ukichakaa, maji hutoka hata kama rejeta ni nzima. Ni kifaa cha bei ndogo, anza nacho.

Makosa mawili

Usiamini geji peke yake. Maji yakiisha kabisa, mshale unaweza kushuka kwa sababu kipima joto hakiguswi tena na maji, huku injini inaungua. Pia, usikubali thamostati itolewe moja kwa moja. Injini itachelewa kupata joto lake na kula mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe utabaki umejificha.

Ukifika kwa fundi, usimwambie tu kwamba gari linachemsha. Mweleze lilikuwa mlimani au kwenye foleni, maji yamepungua kiasi gani, na moshi ulikuwa wa rangi gani. Hapo atatafuta chanzo, badala ya kubadilisha vifaa kwa kubahatisha kwa pesa yako.