Mtori wa Mzazi Ulikuwa Haki, si Hisani

Mtori siku hizi unauzwa asubuhi kwenye migahawa ya Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na wengi wanaujua kama supu ya kufungulia siku. Kwa Wachagga wa Kilimanjaro, supu hii ya ndizi na nyama ni kwanza chakula cha mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, na wanaoisimulia desturi hiyo husifu zaidi huruma ya mama mkwe. Huruma ilikuwapo, ila peke yake haidumishi jambo vizazi na vizazi. Mtori ulikuwa deni la ukoo kwa mzazi, na kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, ndicho kilichowezesha deni hilo kulipwa.

Uzazi hauna msimu. Ulezi huvunwa kwa msimu wake, lakini mgomba huzaa mwaka mzima, na kihamba kilichonyweshwa kwa maji ya mifereji itokayo mlimani hakikosi mkungu uliokomaa. Ng'ombe na mbuzi walifugwa ndani, wakikatiwa majani, na samadi yao ikarudi migombani. Mke akijifungua mwezi wowote, ndizi, maziwa na nyama havikuwa mbali. Ndizi mshare mbichi humenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta ili utomvu usigande, zikachemshwa na nyama yenye mifupa hadi zilainike. Nyama hutolewa, ndizi zikapondwa kwa mwiko mpaka ziwe laini kabisa, kisha nyama hurudishwa. Mtu aliyepoteza damu na anayenyonyesha hapati tabu kukimeza chakula cha namna hiyo, hata akiwa hana hamu.

Otto Raum, katika kitabu chake Chaga Childhood cha mwaka 1940, alieleza kwamba mama alikaa ndani miezi mitatu. Siku ya kutoka alinyolewa, akavikwa shanga, akashikishwa fimbo kama ya wazee, akaenda sokoni akipokewa kwa nyimbo kama za wapiganaji waliorudi vitani. Anayehurumiwa tu hapokewi hivyo. Hivyo hupokewa mtu ambaye jamii inakiri kwamba inadaiwa naye.

Yuko atakayeuliza: maskini asiye na ng'ombe je? Ni kweli bakuli halikulingana nyumba zote. Lakini Wachagga walikuwa na mikataba ya kuwekeana mifugo: tajiri alimpa mwenzake ng'ombe amfugie, naye mfugaji akapata maziwa na samadi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumweka mwanamke ndani ni kumtawala. Sina budi kulikubali kwa sehemu, maana heshima ile ilifungamana na kuzaa, na asiyejaliwa mtoto hakuwa na njia ya kuifikia. Hata hivyo, kosa hilo halifuti ukweli kwamba miezi mitatu ya kulishwa na kupumzishwa haikungoja hisani ya mtu mmoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, karibu sawa na miezi ile mitatu. Lakini mama lishe anayepika mtori kando ya barabara hana mwajiri, na mkulima vilevile. Wanaotunga sera za hifadhi ya jamii waanze na hao.