Wakala wa wavuti ni mkalimani, na tafsiri sisisi inaweza kumponza

KATIKA hafla nyingi humu nchini, msemaji akishika kipaza sauti na kuona orodha ya waheshimiwa ni ndefu kama msafara wa siafu, husema tu, “Itifaki imezingatiwa,” kisha akaingia kwenye hoja yake. Hadhira nayo hushusha pumzi.

Neno hili itifaki tulilipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni makubaliano. Si ajabu basi kwamba wataalamu wa istilahi walilitwaa ili kutaja kanuni zinazofuatwa na kompyuta zinapozungumza. Kompyuta, kama binadamu, haziwezi kuelewana bila kukubaliana nani aanze, aseme nini na amalize vipi.

Majuzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anatafuta riziki kwa kutunza mitambo ya kompyuta, aliniuliza swali lililonifikirisha. “Prof, kazini kwetu kuna programu inayopokea maombi katika toleo moja la itifaki na kuyapeleka mbele katika toleo jingine. Hiyo si tafsiri?” Nilimjibu kuwa hiyo ni tafsiri hasa, na kwamba historia yake ingefaa kusomwa na kila anayefunza tafsiri na ukalimani.

Hebu tuanze mwanzo. Wavuti ilibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, kufuatia pendekezo aliloliandika mwaka 1989. Itifaki yake, HTTP, katika toleo la kwanza la mwaka 1991 ilikuwa na maneno machache mno. Kivinjari kilituma mstari mmoja: neno “GET” na anwani ya ukurasa. Seva ilirudisha ukurasa wenyewe na kukata mawasiliano. Hakukuwa na salamu wala maelezo ya ziada.

Ufupi huo haukudumu. Watu walitaka kutuma picha, kutaja tarehe, kueleza lugha wanayoipenda. Ndipo vikazuka vijajuu, yaani mistari mifupi inayotangulia ujumbe na kuueleza, kwa muundo ulioazimwa kutoka kwa barua pepe. Toleo la 1.0 lilichapishwa Mei 1996, likiwa tayari na vijajuu hivyo. Toleo la 1.1 lilifuata Januari 1997, na kusahihishwa Juni 1999.

Waraka wa 1996 una kisa ambacho sisi walimu wa lugha hatuwezi kukipita kimyakimya. Kuna kijajuu kinachoieleza seva kwamba msomaji ametokea ukurasa gani. Neno lake la Kiingereza lilistahili kuwa na herufi r mbili katikati. Likaandikwa kwa moja, “Referer”, na kwa kuwa programu zilikuwa zimekwisha kulizoea, kosa likawa ndilo sanifu. Hadi leo mhandisi anayeliandika kwa tahajia sahihi ya kamusi ndiye anayekosea! Wanaodhani usanifishaji wa lugha huongozwa na mantiki peke yake wakitafakari kisa hiki.

Sasa tuje kwa mkalimani wetu. Kati ya kivinjari chako na seva iliyo na ukurasa unaoutaka, mara nyingi huwa kuna kompyuta nyingine inayosimama kwa niaba ya mmoja wao. Huipokea ombi, ikalipeleka, ikapokea jibu, ikalirudisha. Wahandisi huiita proksi. Mimi ninapendelea neno wakala, maanake ndiyo kazi yake.

Wakala huyu anaweza kuzungumza toleo moja la itifaki upande huu, na jingine upande ule. Kwa hiyo ni lazima atafsiri. Swali ni lilelile linalowasumbua wakalimani wa binadamu: ni kipi cha kupitisha, ni kipi cha kubadilisha, na ni kipi cha kuacha?

Umewahi kumtazama mkalimani kanisani? Mhubiri anatoa neno kwa Kiingereza, naye anaitoa kwa Kiswahili. Lakini mhubiri akimgeukia na kumnong’oneza, “Sogea karibu na kipaza sauti,” mkalimani mwenye busara hawaambii waumini wasogee karibu na kipaza sauti. Maneno hayo yalikuwa yake peke yake.

Toleo la 1.1 lilitambua tofauti hiyo na kuiandika. Vijajuu viligawanywa makundi mawili: vya safari nzima, ambavyo lazima vimfikie mlengwa wa mwisho, na vya hatua moja, ambavyo huishia kwa anayevipokea. Waraka wa 1999 ulitaja vinane vya kundi hili la pili. Kimoja ni “Connection”, kinachozungumzia hali ya muunganisho baina ya kompyuta mbili zinazowasiliana wakati huo.

Tofauti hiyo ilijulikana kwa uchungu. Mawakala wa toleo la 1.0 hawakukielewa kijajuu hicho. Kivinjari kilipomwambia wakala, “Tusikate mawasiliano, nina maombi mengine,” wakala alilipeleka agizo hilo mbele kama lilivyo. Seva ikadhani yeye ndiye anayetaka mawasiliano yaendelee, ikakubali na kuacha njia wazi. Wakala naye alikuwa akingoja seva ikate, ili ajue kwamba jibu limekwisha. Kila mmoja akawa anamngoja mwenzake, na msomaji akabaki ameutumbulia macho ukurasa usiokwisha kufunguka.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya mkato. Wakabuni kijajuu kingine, “Proxy-Connection”, ambacho kivinjari kingemtumia wakala. Kikafanya kazi palipokuwa na wakala mmoja. Palipokuwa na wawili, tatizo likarudi palepale. Kubandika neno jipya juu ya maana isiyoeleweka hakuiponyi maana.

Kanuni iliyokuja kukubalika ni kwamba wakala haruhusiwi kuigiza toleo asilolijua. Atangaze toleo lake mwenyewe, na katika kijajuu kiitwacho “Via” aandike kwamba ujumbe umepita mikononi mwake na aliupokea kwa toleo gani. Natamani sana wachapishaji wetu waige hili. Ni vitabu vingapi vya tafsiri vinavyouzwa bila jina la mfasiri, wala kutaja lugha aliyofasiri kutoka kwayo?

Mnamo Mei 2015 yalitokea mageuzi makubwa. Toleo la 2, lililotokana na majaribio ya kampuni ya Google yaliyoitwa SPDY, liliacha maandishi ya kusomeka kwa macho na kutumia vifurushi vya kidijitali ambavyo kila kimoja hutaja urefu wake. Majina ya vijajuu yakaamriwa kuandikwa kwa herufi ndogo. Anwani ya mwenyeji, iliyokuwa katika kijajuu “Host”, ikapata makao katika “:authority”, yenye nukta mbili mwanzoni. Vijajuu vya muunganisho vikapigwa marufuku kabisa. Hata yale maneno mawili, “Not Found”, yaliyokuwa yakiandamana na namba 404, yakafutwa. Ikabaki namba.

Hapa tafsiri ikawa kazi ya kila siku, kwa kuwa tovuti nyingi ziliweka wakala anayezungumza toleo la 2 na wasomaji, huku seva za nyuma zikiendelea na 1.1. Hatari nayo ikaingia kupitia mlango huohuo.

Katika 1.1, kijajuu “Content-Length” hutaja urefu wa ujumbe, na seva hukitegemea kujua ombi moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Katika toleo la 2 vifurushi vyenyewe vinatosha kuonyesha mwisho, lakini kijajuu hicho bado kinaruhusiwa. Sasa tuseme mdukuzi ametuma ujumbe ambao kijajuu chake kinadanganya kuhusu urefu. Wakala anaangalia vifurushi, haoni tatizo, anakinakili kijajuu kama kilivyo na kukipeleka nyuma. Seva ya nyuma inauamini uongo ule. Inakata ujumbe katikati, na kipande kilichosalia kinahesabiwa kuwa mwanzo wa ombi linalofuata, ambalo huenda ni la mtu mwingine asiye na hatia.

Mbinu ya jumla ya kupenyeza maombi hivi ilielezwa na watafiti wa kampuni ya Watchfire mwaka 2005. Mnamo Agosti 2021, mtafiti James Kettle alionyesha hadharani jinsi inavyofanikiwa pale wakala anapolishusha ombi kutoka toleo la 2 hadi 1.1. Walioathirika hawakuwa vibanda vya mtaani bali kampuni zenye majina makubwa.

Kinachonisisimua ni kwamba onyo lilikuwapo. Waraka wenyewe wa 2015 ulisema kuwa thamani ya kijajuu inaweza kubeba alama ya kuanza mstari mpya, na kwamba alama hiyo inaweza kutumiwa na mshambulizi ikiwa itatafsiriwa neno kwa neno. Katika toleo la 2 alama hiyo haina maana yoyote. Katika 1.1 ndiyo mpaka baina ya kijajuu na kijajuu. Herufi ni ileile, lakini imevuka mpaka ikageuka kuwa amri.

Hiyo ndiyo tafsiri sisisi tunayowakanya wanafunzi wetu kila muhula. Anayefasiri “piga moyo konde” kwa kutaja moyo na ngumi hajaongeza wala kupunguza neno, ila amepoteza maana nzima. Uaminifu wa mfasiri hupimwa kwa anachokielewa mpokeaji. Na mfasiri asiyekagua anachokipokea humfungulia mwizi mlango wa nyuma.

Toleo la 3 lilichapishwa Juni 2022. Mwezi uo huo kulitolewa waraka mwingine uliotenga maana ya vijajuu na namna vinavyosafirishwa, ili matoleo yote yachote maana kutoka kisima kimoja. Iliwachukua wahandisi zaidi ya miaka 30 kufikia pale ambapo nadharia ya tafsiri huanzia: kwanza maana, kisha umbo.

Nimalizie kwa kijajuu kinachotuhusu sisi moja kwa moja. “Accept-Language” huiambia seva msomaji anataka lugha gani. Ukiweka Kiswahili kuwa lugha ya kivinjari chako, kitatuma herufi mbili, “sw”. Hiki ni kijajuu cha safari nzima, na mawakala wote njiani wanatarajiwa kukifikisha salama, liwe toleo la 1.1, la 2 au la 3.

Lakini wakala hafikishi asichopewa. Wengi wetu tunaokitetea Kiswahili kwenye makongamano tuna simu zinazotangaza Kiingereza katika kila ombi, kutwa kucha. Kisha tunalalamika ati wenye tovuti hawatujali. Mkalimani yuko tayari, njia iko wazi. Sisi ndio hatujasema.