Kilima Kilichokatwa: Fukushima, Uyombo na Sisi wa Ziwani

Watu wangu, leo siongelei bei ya samaki wala barabara. Leo naongelea nyuklia. Najua mtaniuliza, kijana wa Lowarengak na nyuklia wapi na wapi? Si hata stima ya kawaida bado ni hadithi kwa wengi wetu? Nivumilieni kidogo, mtaona tunaingilia wapi.

Wacha nianzie nyumbani. Miaka michache kabla ya 2020, mradi fulani ulikuja kutujengea stoo ya samaki karibu na maji. Nyanya yangu akawaendea wale mafundi na fimbo yake, akawaonyesha mahali juu kabisa, karibu na mikoma, akawaambia: "Nikiwa msichana, maji yalifika hapa." Walicheka kwa heshima, wakasema asante mama, wakaendelea kuchimba msingi palepale chini. Mimi pia nilicheka, sitadanganya.

2020 ziwa likaja. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja hatua mbili leo, hatua tatu wiki ijayo, mpaka stoo ikabaki mabati tu juu ya maji na ndege wametua. Nyumba zikahama, chanja za kuanikia samaki zikahama. Maji yakaenda kusimama karibu na ile mikoma. Siku hiyo ndiyo nilielewa kwamba nyanya alikuwa daftari, na hakuna mtu aliyekuwa amelifungua.

Mwaka huohuo kule Turkwel kulikuwa na hofu nyingine. Bwawa la Turkwel lilikamilika 1991, ukuta wake una urefu wa mita 153 kwenda juu, na kwa karibu miaka thelathini halikuwahi kujaa. Mvua za 2019 na 2020 zikalisukuma mpaka onyo likatolewa kwamba maji huenda yakamwagika, na walio chini ya mto wajiandae. Walio chini ya mto ni kina nani? Ni sisi Waturkana, mpaka Lodwar. Na umeme wa Turkwel, megawati 106, ulijengewa laini ya kwenda Lessos kuingia gridi ya taifa, huku Lodwar ikiwashwa kwa jenereta za dizeli kwa miaka na mikaka. Hatari ikae kwetu, mwanga uende kwingine. Shikilieni hilo wazo, tutalirudia.

Sasa twende Japani.

Ijumaa tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana kwa saa za kule, tetemeko la kipimo cha 9.0 lilitokea baharini mashariki mwa Japani. Katika kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe, vile vilivyotakiwa. Hapo mitambo haikukosea. Lakini kinu cha nyuklia si kama jiko la makaa ambalo ukilimwagia maji limeisha. Hata kikizimwa, fueli iliyo ndani inaendelea kutoa joto kwa siku nyingi, na lazima maji yazunguke kuipoza. Ya kuzungusha maji ni pampu. Pampu zinataka umeme. Tetemeko lilikuwa limekata umeme wa nje, kwa hivyo jenereta za dizeli zikaanza kunguruma. Mpaka hapo, bado sawa.

Chini ya saa moja baadaye, tsunami ikafika. Kituo kilikuwa kimepangiwa kuhimili wimbi la mita 5.7. Lililokuja lilikuwa na kimo cha mita 14 hivi. Jenereta nyingi zilikuwa zimewekwa vyumba vya chini ya ardhi, zikajaa maji, zikazima. Pampu zikalala. Fueli ya vinu vitatu ikayeyuka. Gesi ya haidrojeni ikajikusanya na kulipua majengo, la kwanza tarehe 12, kisha tarehe 14 na 15. Watu zaidi ya laki moja na nusu wakahamishwa.

Kuna jambo moja ambalo kila nikilisoma linanirudisha kwa nyanya. Pale kituo kilipojengwa, miaka ya sitini, palikuwa na mwamba uliosimama kama mita 35 juu ya bahari. Waliukata. Waliushusha mpaka mita 10, ili majengo yakae kwenye mwamba mgumu na pampu zisihangaike kuvuta maji ya bahari mbali sana. Yaani kinga ya bure, waliyopewa na Mungu, waliiondoa kwa hesabu ya gharama. Baadaye, 2008, kampuni yenyewe ilipiga hesabu ikaona kwamba wimbi la zaidi ya mita 15 linaweza kufika pale. Hesabu ikabaki kwenye makaratasi. Na wanajiolojia walikuwa wameshachimba mashamba ya upande ule na kukuta mchanga wa bahari ulioletwa na tsunami ya mwaka 869. Ardhi yenyewe ilikuwa imeandika. Daftari lilikuwepo.

Hebu mlinganishe na kituo cha Onagawa. Hiki kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko kuliko Fukushima, na wimbi lililokifikia lilikuwa la kimo kilekile karibu. Lakini kilijengwa karibu mita 15 juu ya bahari, kwa sababu mhandisi mmoja, Yanosuke Hirai, aliikumbuka ile tsunami ya kale na kung'ang'ania kwamba kiinuliwe, hata wenzake walipoona anazidisha. Onagawa kilizimika salama. Zaidi ya hapo, watu wa mji ambao nyumba zao zilikuwa zimezolewa na bahari walikimbilia ndani ya kituo cha nyuklia kujihifadhi. Tetemeko ni lile, bahari ni ile. Tofauti ilikuwa mtu aliyesikiliza ya kale na mtu aliyekata kilima. Ndiyo maana tume iliyoundwa na bunge la Japani iliripoti 2012 kwamba ajali ya Fukushima ilikuwa kazi ya binadamu, si ya bahari peke yake.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili pia, maana najua wengine mmeshaanza kushangilia. Tetemeko na tsunami ziliua na kupoteza watu takriban elfu 18 na zaidi. Mionzi? Serikali ya Japani ilikubali kifo kimoja, 2018, cha mfanyakazi aliyepata saratani ya mapafu. Lakini katika mkoa wa Fukushima, watu zaidi ya 2,000 wamehesabiwa kufa kwa sababu ya kule kuhamahama: wazee na wagonjwa waliobebwa kwa pupa, dawa zikakosekana, mioyo ikavunjika. Kwa hivyo hofu nayo inaua ikiwa haina mpango. Anayesema nyuklia ni kifo tupu hajasoma vizuri. Anayesema "hakuna aliyekufa" naye hajawahi kuhamishwa kwao.

Dunia ikashtuka. Ujerumani ilifunga vinu vyake vya zamani mara moja, na vitatu vya mwisho vikazimwa tarehe 15 Aprili 2023. Waitaliano walipiga kura ya maoni Juni 2011 na kukataa kabisa. Japani yenyewe ilizima vinu vyote, halafu kuanzia 2015 ikaanza kuviwasha kimoja kimoja.

Na Kenya je? Kenya ilikuwa imeunda kamati ya mradi wa umeme wa nyuklia mwishoni mwa 2010. Fukushima ikatokea miezi michache tu baadaye! Tungedhani wataketi chini kwanza. La. 2012 kamati ikageuzwa kuwa bodi, na 2019 sheria ya nishati ikaigeuza kuwa shirika linaloitwa NuPEA. Likachagua Uyombo, kaunti ya Kilifi: kituo cha megawati 1,000, ujenzi uanze 2027, umeme uwake 2034, gharama karibu bilioni 500 za Kenya.

Uyombo ni kijiji cha wavuvi, kama sisi. Pembeni yake kuna hori la Mida, bahari ya Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Watu wake walipinga. Walipeleka malalamiko mpaka Seneti, waliandamana, na Mei 2024 wakakabiliana na polisi na watu wakaumia. Kwenye runinga nilisikia mtu akisema wale ni watu ambao hawajaelimishwa, wanaogopa wasichokijua.

Hapo ndipo nilikasirika, na ndiyo maana naandika.

Wasichokijua? Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia Sumatra ilivuka Bahari ya Hindi yote ikafika pwani yetu. Kenya ilimuua mtu mmoja. Somalia, karibu watu 300. Tulisalimika kwa umbali, na kwa sababu watu walitolewa ufuoni mapema. Mvuvi wa Uyombo anayeuliza habari ya bahari anauliza kitu alichokiona kwa macho yake. Ametaja tu jina la hofu ambayo wahandisi wa Fukushima waliifungia kabatini.

Siku hizi mazungumzo yamehamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Wengi kule wanaupokea mradi kwa furaha, na ni haki yao. Ila nao wana daftari: Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kina ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, likazifuata nyumba za watu. Na bonde letu la Ufa halijalala. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la kipimo cha 6.9 liliipasua ardhi kule Subukia. 1888, Teleki na von Höhnel walipofika ziwa letu, walikuta volkano inatoa moto upande wa kusini. Miaka mia mbili kwa ardhi ni kama jana asubuhi.

Msinielewe vibaya. Sikatai nyuklia. Nchi inataka stima, na dizeli inatuchoma mfuko na hewa. Ninachokataa ni kuambiwa swali ni ujinga. Kwa hivyo wakija, iwe Siaya, iwe Kilifi, iwe hata kwetu, mimi nitakuwa na maswali matatu barazani.

La kwanza: mmeuliza wazee maji yalifika wapi? Sio miaka kumi iliyopita. Kabla ya hapo.

La pili: taka zitalala wapi? Fueli iliyotumika inabaki hatari kwa maelfu ya miaka. Na sisi wa kaskazini tunajua nchi hii inaliona eneo letu vipi. Mkoloni alipotaka kumweka Kenyatta mbali na macho ya watu, alimleta Lokitaung, hapo tu juu yetu. Kila kitu kisichotakiwa karibu hutafutiwa "mahali ambapo hakuna watu". Sasa sisi ni kina nani?

La tatu: umeme utaenda wapi? Fukushima Daiichi haikuwa ikiwasha taa za Fukushima. Ilikuwa ya kampuni ya Tokyo, na umeme wake ulikwenda huko, zaidi ya kilomita 200. Waliohamishwa hawakuwa waliowashiwa. Mkinielewa hapo mmeelewa kwa nini nilianza na Turkwel.

Stoo ya samaki ilizama, hasara ikawa mabati na saruji. Nyanya hakumcheka mtu. Alichukua fimbo yake, akapanda mpaka kwenye mikoma, akatuonyesha mahali pengine, juu zaidi. "Hapa mama yangu ndipo alisema maji yalifika," akasema.

Safari hii nilitoa simu, nikarekodi.